Jiko Lisilodhuru Mtu

Johnson Ntare alikutwa amekaa kwenye kiti chake cha ngozi, kichwa kimelalia bega, miguu imenyooshwa mbele kama mtu aliyeshiba vizuri. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa. Kando ya kiti, juu ya vigae, palikuwa na jiko. Lilikuwa jiko la kampuni yake mwenyewe, jipya, la kijani, na ndani yake makaa yaliyokwisha kuwa majivu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, watu wanapotoka na majembe kufanya kazi ya mtaa. Hata Nyarutarama, mtaa wa Kigali penye majumba makubwa, watu hutoka, na asiyetaka kutoka hutuma watumishi. Ntare alikuwa wa kutuma. Mlinzi alikwenda, mtunza bustani alikwenda, mpishi alikwenda. Yeye akabaki na magazeti yake.

Waliporudi mchana, mpishi Daphrose ndiye aliyefungua mlango wa kile chumba. Yeye ndiye aliyepiga yowe. Na yeye ndiye aliyetiwa pingu.

Inspekta Kabagwira alifika gari lililombeba Daphrose likiwa linatoka getini. Kabagwira alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, aliyekulia Uganda, mtu wa kuuliza kidogo na kunyamaza sana. Aliinama juu ya maiti akaitazama usoni. Mashavu ya Ntare yalikuwa mekundu, yamenawiri.

"Anaonekana mzima kuliko mimi," alisema Sajini Mugenzi, msaidizi wake.

"Hewa ya makaa ndivyo inavyofanya. Inampaka mtu rangi kwanza, halafu inamchukua."

Juu ya meza ndogo palikuwa na kikombe kimoja kikubwa. Ndani yake yalibaki maziwa ya mgando, yale wanayoyaita ikivuguto. Fundi wa alama za vidole alikipaka unga wake, akatikisa kichwa. Kikombe kilikuwa kimepanguswa nje, hakina alama hata moja.

"Mtu anayejiua hapangusi kikombe chake," alisema Kabagwira. "Maziwa huyaandaa nani hapa?"

"Mpishi, Afande. Ndiyo maana wamemchukua. Na wiki iliyopita bosi alimtukana mbele ya wageni kwa sababu ya chumvi. Sababu iko, nafasi iko."

Kabagwira alichuchumaa kando ya kiti. Alikuwa anatazama jiko.

Uchunguzi wa maiti ulisema mambo mawili. Kilichomuua Ntare ni hewa ya sumu, kaboni monoksidi, iliyotoka kwenye makaa. Lakini damu yake ilikuwa na dawa ya usingizi, na maabara iliikuta dawa hiyo hiyo ndani ya maziwa. Maana yake mtu alimlaza kwanza, akafunga madirisha, akawasha jiko, akaondoka.

Siku majibu yalipotoka Kabagwira alikwenda Kacyiru, kwenye ofisi za kampuni ya Ntare. Alipokelewa na Njeri, mwanasheria wa kampuni, Mkenya kijana mwenye sauti ya upole. Kabagwira alidhani ataombwa aiite ajali, maana kampuni nyingi hupenda ajali. Njeri aliomba kinyume.

"Inspekta, sisi tunataka jambo moja tu. Isiandikwe popote kwamba jiko limemuua."

"Daktari ndiye aliyeandika."

"Daktari ameandika pia dawa ya usingizi. Mpishi alimtilia mdosi dawa, mdosi akafa. Hiyo inatosha, ama?"

"Mbona mnapenda mauaji kuliko ajali?"

Njeri alizungusha kalamu. Alieleza polepole, kama anayemweleza mgeni, kwamba wageni kutoka Ulaya walikuwa wanakuja kutia saini. Wenye viwanda huko kwao wanachafua hewa, na sheria za kwao zinawabana. Basi wanailipa kampuni hapa, kampuni inawagawia maskini majiko yasiyo na moshi, na moshi uliookolewa Kigali unahesabiwa kuwa umewafutia wao dhambi zao. Hiyo ndiyo biashara ya hewa ukaa. Serikali imeipongeza, mikutano imeipigia makofi.

"Jiko hili limewahi kuua mtu mwingine?" aliuliza Kabagwira.

Kalamu ikasimama.

"Kulikuwa na tukio. Bondeni huko chini. Mama mmoja na watoto wake. Lakini ile ilikuwa matumizi mabaya. Jiko ni la punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, wao walitia makaa."

"Punje wangezipata wapi?"

"Dola ilipanda, Inspekta. Na bei ya hewa ukaa huko nje ilianguka. Kampuni ikasimamisha punje kwa muda."

"Mkayachukua majiko yenu?"

"Hapana."

"Majiko yao ya zamani, ya udongo?"

"Tulikuwa tumeyakusanya siku ya ugawaji. Yalivunjwa. Hayo ndiyo masharti, mtu asiwe na majiko mawili."

"Na haya mapya mliwaachia bila cha kuchoma. Kwa nini?"

Njeri alipunguza sauti. Kila jiko lina kidude ndani, alisema, kinachotuma habari kwamba leo limewaka. Likiwaka, kampuni inalipwa. Likipoa, hailipwi.

"Hicho kidude kinajua kama zimechomwa punje au makaa?"

"Kinajua joto tu."

Kabagwira aliuliza ni nani aliyewaambia watu watie makaa. Njeri alisema yeye hakuwepo, amri zilitolewa kwa mdomo, na aliyezipeleka bondeni ni mzee Cassien, mhamasishaji wa kampuni, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Baada ya msiba mzee huyo alikuja ofisini mara nyingi, akimsihi mkurugenzi ashuke bondeni, asimame kwenye mkutano wa umuganda, aseme kwa kinywa chake kwamba jiko likitiwa makaa linaua. Mkurugenzi alimjibu kwamba watu wajifunze kufungua dirisha. Mwishowe walinzi waliambiwa wasimruhusu tena kuingia.

"Lakini huyo ni mzee wa kanisa," aliongeza Njeri. "Amuue nani? Inspekta, mpishi mnaye tayari. Wakubwa wako wameniahidi kwamba jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka kabla wageni hawajafika."

Kabagwira aliposikia hivyo alijua muda alionao.

Alikwenda mahabusu. Daphrose alikuwa amekaa sakafuni, kifua cha blauzi yake kimelowa. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya, na tangu Jumamosi dada wa Daphrose alikuwa akimleta kituoni mara moja tu kwa siku. Mwanamke huyo hakulia. Alikuwa amelia akamaliza.

"Ulimwachia maziwa?" aliuliza Kabagwira.

"Maziwa hayakuwepo nyumbani, Afande. Yaliisha Ijumaa. Nilimpa chai, nikaonja, nikachukua jembe nikaenda."

"Ulionja?"

"Mbele ya macho yake. Kila asubuhi. Bosi hakunywa kitu ambacho hakijaonjwa, hata maji. Alikuwa anaogopa kurogwa kuliko anavyomwogopa Mungu. Na ukigusisha midomo tu anakwambia rudia, anataka aone koo linashuka."

Kuonja si jambo la kuelezwa katika nchi hii. Anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina ubaya, kisha ndiyo anakukabidhi. Nyumbani kwake Kabagwira mwenyewe alifanya hivyo kwa wageni bila hata kufikiri, na mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Ndiyo maana halikumjia akilini alipokiona kile kikombe. Kimoja tu mezani, akadhani mnywaji ni mmoja.

Nje, Mugenzi alimsubiri kwenye gari.

"Aliyeleta maziwa yale aliyanywa," alisema Kabagwira.

"Labda alijifanya."

"Kwa Ntare? Mpishi anasema alitaka aone koo linashuka. Alimeza. Na akimeza, dawa ile ile ilimwingia. Tafuta mtu aliyesinzia Jumamosi."

Waliuliza Nyarutarama. Kiongozi wa mtaa alisema Daphrose alichimba mtaro mpaka mwisho, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mlinzi na mtunza bustani walikuwa pale pale, macho makavu, wakibishana habari za mpira. Hakuna aliyesinzia.

Kabagwira alifikiri habari ya barabara. Asubuhi ya umuganda magari husimamishwa, pikipiki husimamishwa, maduka hufungwa. Mtu anayetembea mikono mitupu huulizwa anakwenda wapi. Lakini mtu mwenye jembe begani, nani amuulize? Anaweza kuvuka Kigali nzima, na hakuna atakayekumbuka sura yake. Na kutoka nyumba ya Ntare, ukikata vichochoro vya nyuma, bondeni si mbali.

Walishuka kwa miguu mchana wa siku iliyofuata. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope jekundu. Nyumba ya yule mama aliyekufa na watoto wake ilikuwa ya tatu kutoka kisimani, mlango wake umefungwa kwa waya. Mwenyewe aliitwa Phiona. Jirani yake, mama mnene aitwaye Kanyange, alikuwa barazani kwake akichambua maharage, na pembeni yake alikaa mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Huyo ndiye Cassien.

Mzee aliinuka, akawasalimia kwa mikono miwili. Hakuuliza wametaka nini. Aliingia ndani akatoka na kikombe cha ubushera, ule uji mwembamba wa mtama. Akanywa funda moja, akapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja, akampa Kabagwira.

Kabagwira alikishika kikombe. Mugenzi alikitazama kile kikombe kama anayetazama nyoka.

"Onja tena, mzee," Kanyange alisema akicheka. "Polisi hawa, wao hata Ekaristi wangeiuliza kitambulisho. Lakini usionje sana, usije ukalala tena kama Jumamosi."

"Jumamosi alilala?" aliuliza Kabagwira.

Mama yule alikuwa mtu wa kupenda kusimulia, na hakuna aliyemzuia. Alisema mzee alichelewa umuganda, yeye ambaye siku zote iko wa kwanza. Akaja na jembe lake, miguu tope. Kwenye mkutano alikaa hapo kwenye benchi, na kiongozi hajamaliza kusalimu watu, mzee kashalala. Kichwa begani kwa mtu, mdomo wazi, anakoroma kama pikipiki mbovu. Kiongozi akaita jina lake, wapi. Watu wakacheka mpaka basi. Halafu wakamwonea huruma, kwa sababu tangu wamzike Phiona mzee huyo usingizi ilimkimbia, mpaka kituo cha afya wakampa vidonge. Basi wakamfunika kitenge wakamwacha.

"Tukasema Mungu amemkumbuka," alimaliza Kanyange.

Hapo ndipo alipoona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

Kabagwira aliweka kikombe chini. "Mama, tuachie nafasi kidogo."

Kanyange alikusanya maharage yake taratibu. Aliingia kwake, na mlango akauacha wazi kidogo.

"Mzee Cassien," alisema Kabagwira, "utakachosema sasa kinaweza kupelekwa mahakamani. Unaweza kunyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha, mwanangu."

"Kuna mwanamke yuko mahabusu tangu Jumamosi. Mpishi wa Ntare. Ana mtoto ananyonya."

Mzee aligeuka haraka. Kwa mara ya kwanza uso wake ulionyesha hofu. "Mmekamata mtu? Kwa nini mmekamata mtu?"

"Tulikuta dawa ndani ya maziwa."

"Mimi nilidhani mtasema jiko," alisema Cassien. "Nilidhani mtafungua mlango, mtaona makaa, mtaona jiko, na mji mzima utasema mwenye jiko kauawa na jiko lake. Kwenye redio wangesema. Halafu watu wangeogopa, wangeyatoa nje. Nilitaka hilo tu. Sikumtaka mpishi wa mtu."

"Anza mwanzo."

Alianza na Phiona. Alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Yeye ndiye aliyemshika kichwa mbele ya padri, na alipobaki bila mume yeye ndiye aliyekuwa akimletea chumvi na sabuni. Majiko yalipokuja, Phiona alikataa. Alisema anapenda jiko lake la udongo, anapika nje, anaongea na majirani. Cassien alirudi kwake mara ya pili, mara ya tatu. Alimwambia, mwanangu, hili ni jiko la serikali na la wazungu, halina moshi, linaokoa dunia. Phiona alicheka akasema dunia itaokolewa na mimi? Akalipokea kwa kumheshimu mzee tu. Jiko lina feni inayotaka umeme, kwa hiyo likaingia ndani. Lile la udongo Cassien mwenyewe alilibeba kwenda kuvunjwa.

"Punje zilipokwisha nilimpigia Ntare. Akaniambia, waambie watie makaa, mradi majiko yawake. Nikauliza, hayadhuru? Akasema, mzee, jiko letu halidhuru mtu. Nikapita nyumba kwa nyumba nikasema vile vile. Kwa mdomo huu."

Mugenzi alikuwa ameacha kuandika.

"Usiku ule ilinyesha, wakafunga dirisha kama mtu yeyote mwenye watoto. Asubuhi nilivunja mlango. Walikuwa na mashavu mekundu. Nilidhani wamelala, wamepona mafua."

"Ukaenda kwa Ntare."

"Nilikwenda mpaka wakanifukuza. Kampuni ilitoa tangazo. Ilisema pole, ikasema watumiaji hawakufuata maelekezo. Mwanangu, maelekezo yalikuwa mimi."

Jumamosi ile alijua Ntare atabaki peke yake. Alisaga vidonge, akavitia kwenye maziwa, akachukua jembe. Ntare alimfungulia kwa furaha, maana mtu anayekuja na maziwa amekuja kupatana. Akasema, mzee, sasa umepata akili.

"Nilishika chupa mapajani. Nikamwambia, leo kuna mkutano bondeni. Twende pamoja, useme maneno machache tu. Angesema ndiyo, ningeyamwaga yale maziwa kwenye maua yake. Naapa."

"Akasemaje?"

"Akasema, jiko haliui mtu, watu wanajiua kwa ujinga. Ndipo nikamimina. Akaniambia nionje. Nikaonja. Akasema, kunywa vizuri, mzee, usigusishe midomo tu. Nikanywa vizuri."

"Ungeweza kukataa. Ungeondoka."

"Ningempaje mtu maziwa bila kuonja?" aliuliza mzee, na ilionekana kweli hakulielewa swali.

"Na kikombe? Mbona ulikipangusa?"

"Mikono yangu ilikuwa na tope la jembe. Niliona aibu kumwachia kikombe kichafu."

Ntare alipolala, Cassien alichukua makaa kwenye jiko la nyama choma uani. Hilo jiko jipya lilikuwa hapo hapo chumbani, la kuwaonyesha wageni. Akaliwasha. Akashusha mapazia.

"Alisema halidhuru mtu," alisema mzee. "Basi nikamwamini kwa mara ya mwisho."

Kabagwira alimfunga pingu, mbele, si nyuma, na akamwambia Mugenzi apige kituoni Daphrose aachiwe. Aliachiwa jioni ile ile. Hakuna aliyemwambia pole, na nyumba ya Ntare ilikuwa imekwisha kufungwa, kwa hiyo kazi nayo ilikuwa imekwisha.

Hawajatoka barazani simu ya Kabagwira ililia. Alikuwa mmoja wa wakubwa wake. Habari zilikwisha kumfika, na Njeri alikuwa ofisini kwake. Wote walifurahi kwamba mzee amekiri. Waliomba kitu kidogo tu, kwamba maelezo ya mshtakiwa yaishie kwenye dawa ya usingizi. Mtu ametiliwa dawa, mtu amekufa, mambo ya jiko yanachanganya kesi.

"Kama jiko haliui, Afande, mzee huyu hana kosa la kuua," alijibu Kabagwira. "Amemlaza mtu usingizi tu. Nimwachie?"

"Usiwe mjanja na mimi," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Nitaandika alivyosema."

Alikata simu. Alijua jalada litapita mikono mingine baada ya yake, na mikono hiyo haitakuwa na haraka ya kumwita shahidi kutoka kampuni. Alijua pia kwamba katika vifo vyote vya bonde lile na vya Nyarutarama, mtu mmoja tu ndiye atakayefungwa, na ndiye huyu aliyefunga vifungo mpaka shingoni.

Mvua ilianza tena. Walipanda kichochoro, Mugenzi mbele, mzee katikati. Ilikuwa saa ya kupika. Ndani ya kila nyumba, kupitia nyufa za milango iliyofungwa, waliona mwanga mwekundu na wakasikia feni ndogo zikilia.

Cassien alisimama kwenye mlango wa kwanza.

"Afande, niruhusu niseme nao."

Mugenzi alimtazama mkubwa wake. Kabagwira aliinua mkono, kwamba aachwe.

Mzee alibisha kwa mikono miwili, kwa kuwa ilikuwa imefungwa pamoja. Mwanamke alichungulia, akaona pingu, akaziba mdomo.

"Fungueni mlango mnapopika," alisema Cassien. "Mimi niliwaambia halidhuru. Niliwadanganya. Linaua. Ndilo lililomuua Phiona."

Alikwenda mlango wa pili akasema maneno yale yale. Na wa tatu. Watu walitoka vibarazani, hawakusema kitu. Wengine walifungua milango, mvua ikawaingilia ndani, watoto wakakimbiza mikeka. Wengine walisikiliza mpaka mwisho, wakatikisa vichwa, wakafunga.

Kanyange alikuwa amewafuata kwa nyuma, kitenge kichwani.

"Mzee," aliita, "tukitoa nje, hiyo feni tutachomeka wapi? Na mvua hii tutapikaje?"

Cassien aligeuka kumjibu. Alimtazama Kabagwira, kana kwamba serikali ingelijua jibu, na Kabagwira akatazama chini kwenye tope. Kisha mzee akaenda mlango unaofuata, akabisha.